UZI: Oman ya ndani – Nizwa, Bahla, Jabrin, shuwa na halua. Ukikosea siku umekosa safari

Mtembezi_Darajani (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Swali la "Oman niende wapi?" linarudi kila mara, na majibu huwa majina matupu: Maskati, Nizwa, Salala, basi. Majina hayamsaidii mtu. Mambo mengi ya Oman yana siku yake na saa yake, na ukipishana nayo utapiga picha ya mlango uliofungwa.

Mifano. Mnada wa mbuzi wa Nizwa ni Ijumaa asubuhi, na saa tatu tatu hivi unakuwa umeshatawanyika. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos pale Maskati, wasio Waislamu wanaingia saa mbili hadi saa tano asubuhi, Jumamosi hadi Alhamisi, Ijumaa hapana. Mwislamu anaingia kwa sala wakati wowote wa sala. Maduka ya soko la Matrah yanafungwa mchana, kuanzia kama saa saba hadi saa kumi. Ijumaa ndiyo usithubutu kabisa kabla ya alasiri. Mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Jumapili ofisi zote ziko kazini.

Mpango ninaoupendekeza unaanza Alhamisi. Asubuhi msikitini. Usiharakishe: lile zulia la ukumbi wa wanaume ni kipande kimoja cha mita 70 kwa 60, tani 21, limefumwa kwa mkono. Wanawake wafunike nywele, mikono hadi viganja na miguu hadi vifundo. Buibui na mtandio vinatosha, kanga juu ya suruali ya kubana watakurudisha mlangoni. Mchana ondoka kwenda Nizwa, kilomita 160 hivi, barabara ni nzuri mwanzo mwisho. Njiani simama Birkat al-Mouz kabla jua halijazama, uone mfereji wa Falaj al-Khatmayn. Lala Nizwa.

Ijumaa uwe mnadani jua linapochomoza. Wauzaji wanazunguka na mbuzi wao kwenye duara, wanunuzi wamekaa ndani na nje ya duara, bei inatajwa mtu akiwa anatembea. Mnunuzi akitaka anamshika mbuzi, anamfungua mdomo kutazama meno, anampapasa mgongo na kiwele. Kosa la wageni ni kusimama ndani ya njia ya mzunguko na simu mkononi. Kaa nyuma, na kwa akina mama waliovaa barakoa omba ruhusa kwanza, ukikataliwa shusha simu.

Baada ya hapo ngome ya Nizwa, iko hatua chache tu. Kiingilio chake ni kikubwa kuliko cha Bahla na Jabrin, lakini ule mnara una thamani yake. Mchana lala, hakuna kitakachokuwa wazi. Jumamosi Bahla na Jabrin kwa pamoja, ziko upande mmoja, Bahla kama kilomita 40 kutoka Nizwa na Jabrin mbele yake kidogo. Mabasi ya Maskati–Nizwa yapo. Kutoka Nizwa kwenda ngome hizo mbili, kodi gari au patana na teksi ikusubiri. Usipopatana kusubiri, Jabrin utarudi kwa miguu.

Miezi: Novemba hadi Machi. Juni na Julai bara kunachoma hasa, mawe ya ngome yanakuwa kama kikaango. Waridi la Jebel Akhdar linachumwa kuanzia mwisho wa Machi na Aprili yote, na kupanda huko polisi wana kizuizi chini ya mlima: gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halipiti. Nimeona watu wanakodi saluni ndogo kwa kubana matumizi halafu wanageuzwa hapo.

Wenye ujuzi wa mapishi na historia karibuni, mimi nimeishia kwenye njia.

---

Kisiwa_cha_Chai

Uzi umetulia mkuu. Sasa shuwa, ile nyama ya kufukiwa kwenye makaa. Nilisoma mahali kwamba hotelini Maskati wanaiuza kila siku. Ni ileile ya shimoni au ni nyama ya oveni iliyopewa jina?

---

Mpishi_Mkongwe

Nyingi ya hotelini ni ya oveni. Si mbaya, ila si kitu kimoja. Shuwa ya asili ni ya Idi, kwa sababu shimo ni la mtaa mzima. Hakuna anayewasha tanuri lote hilo kwa sahani tatu.

Inavyofanyika. Shimo limejengwa kwa mawe ndani, kina kumpita mtu. Kuni zinazotakiwa ni za msamri, aina ya mgunga, kwa kuwa makaa yake ni mazito na hayatoi moshi mwingi. Zinachomwa mpaka miali yote iishe, yabaki makaa mekundu. Nyama imeshalala na viungo usiku mzima au zaidi, imefungwa kwa majani ya mgomba, ikatiwa kwenye kifuko kilichosukwa kwa makuti ya mtende. Kifuko kinaloweshwa maji kabla ya kushuka. Kila nyumba inatia alama yake, waya au kibati, maana vikitoka vyote ni vyeusi na hakuna atakayejua cha nani. Vinatupwa kwa pamoja, haraka, mfuniko wa chuma unawekwa, kisha udongo wa maji unakandikwa pembeni.

Hapo ndipo penye kazi. Watu wanazunguka wakitafuta moshi. Panapotoka moshi ndipo hewa inapoingia, na hewa ikiingia makaa yanawaka upya; ukifukua unakuta mkaa badala ya nyama. Kwa hiyo udongo unaongezwa mpaka kusiwe na hata uzi wa moshi. Kisha inaachwa siku nzima, wengine siku mbili. Siku ya kufukua inatofautiana mji na mji, wengi wa bara ni Idi pili au tatu. Idi pili pia ndiyo ya mishkaki, na ndiyo, wanaiita *mishkak*, mtu wa Forodhani hahitaji mkalimani.

Kwa jikoni, paja la mbuzi kilo 3 lenye mfupa:

Vitunguu saumu vichwa 2, giligilani ya unga vijiko vikubwa 3, bizari nyembamba vijiko vikubwa 2, pilipili manga kijiko kikubwa 1, hiliki ya unga kijiko kikubwa 1, mdalasini kijiko cha chai 1, karafuu nusu kijiko cha chai, pilipili nyekundu kavu 4 au 5 zilizorowekwa, chumvi vijiko vikubwa 2, siki nusu kikombe, mafuta robo kikombe. Saga yote yawe uji mzito. Chanja nyama mpaka karibu na mfupa, paka, ingiza kwenye mikato, weka kwenye friji saa 24. Pitisha majani ya mgomba juu ya moto yalainike, la sivyo yanapasuka wakati wa kufunga. Funga tabaka mbili, kisha karatasi ya fedha juu, oveni nyuzi 150 kwa saa 6 hadi 7. Usifungue kuchungulia kabla ya saa 6.

Makosa mawili ninayoyaona sana. La kwanza karafuu: watu wa Unguja na Pemba tunaimwaga kama ya kwetu (na kweli ni ya kwetu), nyama inakuwa chungu. La pili ni kutia maji. Hakuna maji, nyama inaiva kwa mafuta na jasho lake.

---

Bi_Tumbatu

Umesema kweli kuhusu karafuu 😂

Naongeza moja. Wageni wakisikia *arsiya* wanadhani ni bokoboko. Bokoboko letu ni *harisi*, ngano na nyama. Arsiya ni mchele unaopikwa na nyama au kuku mpaka uvurugike, ukapondwa kwa mwiko hadi uvutike. Inaliwa na mchuzi mzito wenye uchachu pembeni, na mahali pengi ndiyo chakula cha asubuhi ya Idi mosi. Harisi nayo wanayo, na mwaka 2023 UNESCO waliiandikisha kama urithi kwa jina la Oman, Falme za Kiarabu na Saudi Arabia kwa pamoja. Sisi hatukutajwa, lakini ngano inapondwa vilevile.

Kwa anayepika arsiya: mchele uwe wa nafaka fupi au uliovunjika. Basmati ya nafaka ndefu haivutiki, unapata uji wenye chenga. Na samli inaingia mwisho, ukitia mwanzo mchele hauvurugiki sawasawa.

---

Baharia_wa_Kibokoni

Watu wa Mombasa, mkifika Jabrin msipite tu mkisifia dari. Kuna kaburi chini ya jengo. Ni la Imam (yaani mtawala wa Oman) Bil'arab bin Sultan, aliyeijenga ngome hiyo miaka ya 1670 hivi kama nyumba yake na darasa la wanafunzi. Ndugu yake, Saif bin Sultan, akampinga uimamu, na Bil'arab akafia humohumo amezingirwa, mwaka 1692. Saif akashika nchi. Ni Saif huyohuyo ambaye majeshi yake yaliizingira Fort Jesus kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, Mreno akang'oka. Baba yao, Sultan bin Saif, ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650 na ndiye aliyejenga mnara wa Nizwa. Yaani ngome mbili za kwenye mpango wa mwanzisha uzi na ile ya pale Mvita ni habari ya baba na wanawe wawili.

Sasa cha kutazama. Nizwa: ule mnara mnene si mtupu, umejazwa udongo na mawe hadi karibu nusu ya kimo chake ili uhimili mizinga. Ngazi inapinda, na kila pindo lina mlango; inua macho juu ya mlango uone matundu. Humo ndimo ilimomiminwa asali ya tende iliyochemshwa, juu ya adui anayepanda. Ulizia chumba cha tende, chenye sakafu ya matuta na mifereji: magunia yalipangwa hadi juu, uzito wenyewe unakamua, asali inatiririka hadi kwenye mtungi. Chakula na silaha kwenye chumba kimoja.

Jabrin: chumba cha Jua na Mwezi kina madirisha 14, saba juu na saba chini. Hewa baridi inaingia ya chini, ya moto inatokea juu. Simama katikati mchana utaelewa. Panda pia uone chumba cha farasi wa Imam, ghorofani, maana wengi hawaamini mpaka waone.

Bahla ni kubwa kuliko zote na ndani haina kitu. Usiende ukitafuta mazulia na mitungi. Ni kuta za udongo, korido na kimya. Iliingia UNESCO 1987, mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya hatari, ikatolewa 2004 baada ya matengenezo marefu. Ukuta wa mji wake una urefu wa kilomita 12 hivi. Kwa hiyo anza Bahla, malizia Jabrin. Ukigeuza, Bahla itakuchosha.

---

Kisiwa_cha_Chai

Hii ya ndugu wawili sikuwa naijua. Na huo mfereji wa Birkat al-Mouz una nini cha ajabu? Picha ninazoona ni mtaro wa maji tu.

---

Fundi_Bomba

"Mtaro wa maji tu" umelisha mji mzima bila pampu hata moja, mkuu. Ngoja nikupe hesabu.

Falaj (wingi wake *aflaj*) ziko za aina tatu. *Daudi* inatoka kwenye kisima-mama chini ya mlima, maji yanasafiri kwenye handaki kilomita kadhaa kwa mteremko mdogo sana mpaka yatokeze juu ya ardhi kijijini. Juu ya handaki kuna safu ya visima vya kushukia mafundi. *Aini* inatoka kwenye chemchemi. *Ghaili* inakusanya maji ya juu juu ya bonde, na ndiyo ya kwanza kukauka mvua ikikosekana. Mteremko ndio siri: ukizidi maji yanakula kuta, ukipungua mchanga unatuama na mfereji unaziba.

Maji yanapotokea tu, mahali pa kwanza ni pa kuchota ya kunywa. Kisha msikiti, kisha mabafu ya wanaume na ya wanawake, kisha mitende, na mwisho kabisa mashamba ya msimu. Mwaka wa ukame yanayokatwa ni ya mwisho, mitende haiguswi. Hata ukiona mtaro unapita mlangoni mwa mtu, hana haki ya kuchepusha. Haki ni ya muda: kipimo chao ni *athar*, takriban nusu saa, na athar 24 zinafanya *badda*, yaani saa 12. Mtu anamiliki athar kadhaa katika mzunguko wa siku kadhaa, anaweza kuziuza, kuzikodisha au kuzirithisha. Mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa nyota. Leo wengi wanatumia saa ya mkononi.

Pale al-Khatmayn tazama mahali mfereji unapogawanyika kuwa mitatu. Jiwe limechongwa ili kila mkono upate sawa. Hiyo, pamoja na Falaj Daris ya Nizwa na nyingine tatu, ziliandikishwa UNESCO mwaka 2006.

Tahadhari: usitie miguu sehemu ya kuchota, na usioshee vyombo popote pale. Watoto wanaruhusiwa kuchezea chini zaidi, ulizia.

---

Mtembezi_Darajani

Na jambo la mabonde nililisahau, ni la hatari. Ukienda Wadi Shab au bonde lolote jembamba, angalia utabiri wa MLIMANI, si wa ulipo. Mvua inanyesha mbali, kwako jua linawaka, na ukuta wa maji unakuja. Maji yakianza kubadilika rangi kuwa ya udongo, panda juu, usirudi kwa njia uliyojia. Na gari lisivuke barabara iliyofunikwa na maji hata kama wenyeji wanavuka. Wanaokufa kila mwaka wengi ni wa kwenye magari.

---

Halua_Moto

Tumekula nyama, sasa kitamu. Halua ya Oman na ya Unguja ni ndugu wa baba mmoja: wanga, sukari, maji, samli, zafarani, hiliki, marashi ya waridi, lozi au korosho. Kule wanapika kwenye sufuria kubwa ya shaba, moto wa msamri, mtu anakoroga kwa saa mbili na zaidi bila kuondoka. Ya manjano ni ya zafarani, ya kahawia iliyokolea ni ya sukari nyekundu, nyingine wanatia tende. Barka na Nizwa zote zinajisifu. Mimi kura yangu kwa Nizwa, mnisamehe wa Barka.

Vipimo vya nyumbani: wanga kikombe 1, sukari vikombe 4, maji vikombe 6, samli kikombe 1, zafarani kijiko cha chai 1 iliyorowekwa kwenye marashi robo kikombe, hiliki kijiko cha chai 1, korosho kikombe 1.

Koroga wanga na vikombe 2 vya maji BARIDI. Maji ya moto yanatoa madonge na hayatoki tena. Chemsha sukari na vikombe 4 vilivyobaki, mimina wanga taratibu huku unakoroga. Ikianza kuwa nzito na kung'aa, anza kutia samli, kijiko kimoja kimoja, usitie cha pili mpaka cha kwanza kimezama. Hapo unahesabu saa moja au zaidi, moto wa wastani. Zafarani na hiliki zinaingia karibu na mwisho, harufu isipotee. Imeiva inapojivuta yote pamoja na mwiko, inaachia sufuria, na samli inaanza kutoka pembeni. Korosho, kisha epua.

Ikibaki na ladha ya unga mbichi, umeepua mapema. Ikiwa na chenga za sukari, sukari haikuyeyuka kabla ya wanga kuingia. Na jamani, msiweke kwenye friji! Inakuwa kama sabuni. Halua iliyopikwa vizuri inakaa nje wiki nyingi bila kuharibika, ndiyo maana ilisafirishwa.

---

Bi_Tumbatu

Na mgeni ajue jinsi ya kuila. Unakaribishwa chini, matunda, halua au tende kwanza, kahawa baadaye. Halua inachotwa kwa vidole vya mkono wa kulia, kidogo, upande wako wa sinia. Kahawa ni nyepesi, ya hiliki, kikombe kinajazwa kidogo tu. Usidhani ni ubahili. Kikijazwa hadi juu ni kama unaambiwa unywe uende. Pokea kwa mkono wa kulia. Ukirudisha kikombe kimya kitajazwa tena, na tena. Ukitosheka kitikise kushoto na kulia, anayemimina ataelewa. Kukataa kikombe cha kwanza ndiyo aibu. Ukiwa huna hamu, kunywa kimoja.

Kiswahili utakisikia Maskati, sokoni na majumbani, kwa familia zilizotoka Unguja, Pemba na bara, wengi waliorudi au kuhamia baada ya 1964 na hasa baada ya 1970. Lakini anza kwa salamu ya Kiarabu. Usimuulize mtu usiyemjua asili ya ukoo wake kwa sababu tu amekujibu Kiswahili.

---

Kisiwa_cha_Chai

Salala mmeiacha makusudi?

---

Baharia_wa_Kibokoni

Iko kilomita 1,000 kutoka Maskati, ni safari yake peke yake. Kile wanachokiita *kharifu*, mwisho wa Juni hadi Septemba, ni kusi yetu hiihii, inapiga milima ya Dhofar na kuacha ukungu na manyunyu. Milima inakuwa kijani, barabarani madafu na ndizi zinauzwa, utadhani uko Kilifi. Hoteli hupanda bei na ukungu mlimani hauoneshi hata ngamia aliyesimama katikati ya barabara. Taa na mwendo wa pole.

Ila mwenye kutaka ubani aende wakati wa ukavu. Miti iko nyuma ya milima, Wadi Dawkah, ambako mvua ya kusi haifiki. Mgema anakwangua gome kidogo, utomvu unatoka mweupe, anaachia wiki mbili tatu. Mkwanguo wa kwanza hauna thamani, mzuri ni wa baadaye.

Sokoni, *hojari* ndiyo daraja la juu: punje kubwa, angavu, rangi ya kijani au nyeupe. Iliyo nyekundu-kahawia yenye vumbi na magome ni ya kufukizia tu, na bei yake iwe ndogo. Muulize muuzaji aweke punje moja kwenye chetezo mbele yako. Ukisikia harufu ya ndimu kwa mbali ni nzuri. Ikitoa moshi mweusi wa kukwaruza koo, rudisha.

---

Kisiwa_cha_Chai

Basi nimebadili tiketi, nafika Jumatano usiku. Mwanzisha uzi, ngome ya Nizwa hiyo Ijumaa niingie kabla ya mnada au baada?

---

Mtembezi_Darajani

Baada. Mnada hausubiri, ngome haiendi popote. Ila kabla ya saa tano uwe umeshatoka, kwa sababu ya sala ya Ijumaa.